Mshika Kamba wa Tatu

Pikipiki ilisimama katikati ya kona, na dereva akazima injini bila kuniambia kwa nini. Mbele yetu kamba ilikuwa imefungwa kukatisha barabara, na katikati yake lilining'inia sweta jekundu la mtoto wa shule.

"Njia imefungwa mpaka mti uanguke," dereva alisema.

"Utaanguka saa ngapi?"

"Hilo muulize mwenyewe." Akashuka, akatafuta kivuli.

Nilikuwa nimetoka Bumbuli, naelekea Mgwashi, mahali nilipopajua kwa jina tu, na hata jina lenyewe nililipata kwa muuza kabichi mmoja pale Soni. Sikuwa na haraka. Miaka mingi sasa kazi yangu imekuwa kufika, si kuwahi. Nilishuka na mkoba wangu begani, nikainama kupita chini ya kamba, na kabla sijanyooka mgongo nikasikia sauti ya mwanamke mzee.

"Wewe ndiye mtu wa bima?"

"Hapana, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona una mkoba?"

"Ni wa nguo tu, na daftari."

"Hata wa bima wana daftari," alisema, kisha akageuka kuelekea kilimani na kupaza sauti kwa Kishambaa. Neno pekee nililolishika lilikuwa "bima". Juu huko mtu alicheka kidogo, bila furaha.

Aliyecheka aliitwa Sefania, fundi wa kukata miti. Nilimkuta ameketi kwenye gogo, msumeno wake wa mashine ukiwa umefungwa ndani ya gunia kama mtoto aliyelala. Ni mtu wa miaka arobaini na mmoja, mfupi, mwenye mabega ya mtu mrefu. Karibu yake aliketi Ibrahimu, mkulima wa karoti. Bibi aliyenipokea alikuwa Mwanaheri, mjane, mwenye mti.

Mti wenyewe ulikuwa mkaratusi mnene kuliko watu wawili wakikumbatiana. Marehemu mume wa Mwanaheri aliupanda mwaka waliojaliwa kifungua mimba wao. Katika milima hii kizingiti cha mtu mmoja huwa usawa na paa la jirani yake, na mti wa Mwanaheri ulikuwa umeinama moja kwa moja juu ya jiko la Ibrahimu. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa juu ya kilele cha Magamba. Mvua mbili za upepo zingetosha.

"Mti wako unanichungulia jikoni tangu mwaka jana, bibi," Ibrahimu alisema. "Unajua mpaka ninachokula."

"Ungekuwa na mboga ya maana, ungekuwa umeshaanguka."

Walicheka wote, ila Sefania alikuwa akitazama barabara. Nikamuuliza kama msumeno umeharibika.

"Msumeno mzima. Huu mti ungekuwa chini tangu saa tatu asubuhi. Lakini nimeapa, ndugu yangu. Siuwashi mpaka watu wa kamba wawe na bima. Leo ni wiki ya pili sijakata hata tawi."

Ndipo akanieleza jinsi anavyofanya kazi, na sikuwahi kusikia mfano wake kokote nilikopita. Sefania hutumia kamba tatu. Ya kwanza hushikwa na mwenye mti. Ya pili hushikwa na yule ambaye paa lake liko hatarini. Ya tatu hupewa mtu asiye na upande, asiye na mti wala paa. Mara nyingi ni mpita njia. Utaratibu huo ameurithi kwa baba yake, ambaye alikuwa akisema kuwa mti ukianguka vibaya, ugomvi nao huanguka. Watu watatu ambao kila mmoja mkono wake ulikuwemo hawagombani kirahisi.

"Na kama wa tatu hapatikani?"

"Tunafunga barabara," alisema. "Atapatikana tu."

Nikaangalia nyuma kwenye lile sweta jekundu, nikaelewa kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka ya kuniruhusu kupita.

Sefania alizaliwa Vuga. Baba yake alipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine ndani ya shimo. Baba alikuwa wa shimoni. Sefania anakumbuka kope zake zikiwa na unga wa mbao hata Jumapili kanisani. Alipokuwa kijana alichuma chai misimu miwili, akaacha kwa sababu, anavyosema, chai haina juu. Akaenda Magamba kufanya vibarua kwenye misitu ya kupandwa. Huko alijifunza kupanda kwa mkanda na viatu vya miiba, na huko aligundua jambo lililompa riziki mpaka leo: watu hawakosi wa kuwakatia msitu, wanakosa wa kuwakatia mti mmoja ulio karibu na nyumba.

Hajawahi kuanguka. Hilo analisema kwa sauti ya chini, na hugusa gogo.

Aliyeumia ni Zuberi. Ilikuwa Vuga, miaka miwili iliyopita, mti wa Zuberi mwenyewe, kamba ya kwanza mikononi mwake. Tawi kubwa lilizunguka kinyume na walivyotarajia, kamba ikamvuta Zuberi na kumtupa kwenye ukuta wa tuta. Nyonga ikavunjika.

"Na bima nilikuwa nayo!" Sefania alisema, akinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayebisha. "Nilikata kwa wakala aliyepita hapa na meza yake siku ya gulio. Fomu ina sehemu mbili tu, fundi na wafanyakazi. Mimi nikajaza: wafanyakazi watatu. Ningejaza nini? Basi kampuni ikampigia simu Zuberi wodini. Kijana wa watu akauliza kwa heshima kabisa, 'Mzee, wewe ni mfanyakazi wa Sefania?'"

Ibrahimu alishaanza kucheka. Hadithi hii aliijua.

"Zuberi yuko kitandani, mguu juu, kwao ni ukoo mkubwa Vuga. Akaruka! 'Mfanyakazi? Mimi? Nani kakuambia mimi kibarua wa mtu? Mti ni wangu, shamba la babu yangu, huyo Sefania mimi ndiye niliyemwita!' Akakata simu. Wiki moja baadaye barua ikaja. Hakuna fidia, kwa sababu majeruhi amekanusha."

"Alikanusha kwelikweli," alisema Ibrahimu.

"Alisema ukweli!" Mwanaheri aliingilia. "Mtu aitwe kibarua kwenye mti wake mwenyewe?"

"Hilo ndilo tatizo, bibi. Alisema ukweli, nami sikusema uongo, na nyonga ikabaki imevunjika."

Tangu siku hiyo, kila msimu kabla ya masika, Sefania hulima matuta ya Zuberi kwa mkono wake. Hakuna aliyemwagiza. Zuberi hutembea kwa fimbo, huja kusimama juu ya tuta na kumkosoa jinsi anavyoshika jembe.

Karibu saa saba pikipiki nyingine ilikuja, na safari hii alikuwa ndiye. Nasra, wakala wa bima kutoka Lushoto mjini, mwanamke wa miaka thelathini hivi, buibui limepakwa tope mpaka magotini, mkoba wa plastiki umebanwa kwapani. Alimwamkia Mwanaheri, akampa Ibrahimu shikamoo yake, akaketi kwenye gogo bila kupangusa.

"Poleni kwa kungoja. Kaka Sefania, huu ndio mti?"

"Ndio."

Aliutazama kuanzia chini mpaka juu, na ilimchukua muda. "Eeh," alisema. "Picha haikutosha."

Mwanaheri alileta magimbi ya kuchemsha na chai ya rangi, na Nasra akatandaza karatasi zake juu ya gunia la msumeno. Nimewahi kukaa Addis Ababa, ambako majirani huchangishana kila mwezi ili pasiwepo mtu wa kuzikwa kwa aibu. Napoli nilimjua fundi bomba aliyetundika hati yake ya bima ukutani kando ya picha ya Bikira Maria, akiniambia hajui ni ipi iliyomsaidia zaidi. Lakini sijawahi kuona bima ikichaguliwa na watu wote ambao ingewahusu, wakiwa wamekaa chini ya kitu chenyewe kitakachowaangukia.

"Nirudie kwa ufupi ili wote wasikie," Nasra alisema. "Kaka, hela yako ya mwaka inatosha moja. Ya kwanza ni ya mwili wako peke yako. Ukianguka wanakutibu, na siku usizoweza kufanya kazi wanakulipa. Fidia yake kubwa. Ndiyo ninayowauzia mafundi wengi."

"Na ile ya mabati?" aliuliza Ibrahimu.

"Hiyo ni dhima. Akivunja mali ya mtu, kampuni inalipa."

"Hiyo hiyo! Jiko langu limeikubali."

"Na ndiyo wanayoitaka kwenye ile zabuni, kaka, usisahau."

Sefania hakusahau. Kulikuwa na safu nzima ya mikaratusi ya kukatwa kando ya barabara ya mashamba ya chai, kazi ya msimu mzima, na sharti la kwanza lilikuwa hati ya dhima. Alikunja kucha zake ndani ya viganja.

"Sema ya tatu."

"Ya tatu ni ya kundi, bila majina. Haiangalii mtu ni nani, inaangalia amesimama wapi. Nafasi nne: wa juu ya mti, na kamba tatu. Atakayekuwa hapo siku hiyo, ndiye mwenye bima, tangu jina lake liandikwe kwenye daftari mpaka kamba zikunjwe. Lakini fidia inagawanyika, kaka. Ukianguka wewe utapata chini ya nusu ya ile ya kwanza. Na mkubwa wangu wa Tanga bado haelewi. Kila nikimweleza ananiuliza, mwenye mti anashika kamba ya nini? Si amelipa fundi? Kaniambia nije nione kwa macho yangu, nimpigie picha."

"Mwambie aje mwenyewe," alisema Mwanaheri, "nimpe kamba."

Nasra alimgeukia, na hapo nikaona kwamba msichana huyu anaijua kazi yake. "Bibi, nikuulize. Mungu apishie mbali, umeumia hapa. Mtu wa kampuni anakupigia simu, anakuuliza wewe ulikuwa nani kwenye kazi hii. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mti ni wangu!"

"Mfanyakazi wa Sefania?"

"Mfanyakazi wa nani? Huyu mtoto mimi ndiye niliyemwita!"

Ibrahimu aliangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Sefania aliinamisha kichwa. Lakini Nasra alikuwa akiandika.

"Vizuri kabisa," alisema. "Jibu hivyohivyo, usibadilishe hata neno. Hapa nimeandika: nafasi ya kwanza, mwenye mti, ameshika kamba kwa hiari yake. Ukisema mti ni wako, ndiyo umethibitisha."

Sefania aliishika ile karatasi kwa ncha, akaisoma, akaisoma tena. Kisha akatoa simu. "Ngoja nimsikie Tabitha."

Aliweka sauti ya juu, kwa sababu mtandao wa hapo hukamatika ukiishika simu mbele ya uso kama kioo. Mkewe ni fundi cherehani Vuga. Nilisikia cherehani ikisimama.

"Baba Elinuru, umechagua?"

"Nachagua. Niko na wenzangu hapa."

"Wasalimie. Chagua ya kwako. Tumeshaongea."

"Tabitha, Zuberi..."

"Zuberi namhurumia, na kila mwaka nakutoa ukamlimie, sijanuna. Lakini ukianguka wewe, kamba ndiyo itawasomesha watoto? Hao wa kamba wamesimama chini. Wewe uko juu."

Mwanaheri alikuwa akitazama kikombe chake. Ni kweli kwamba Tabitha ndiye aliyekuwa na hoja nzito kuliko sisi wote, na Sefania hakujifanya haioni.

"Ni kweli," alisema. "Lakini mimi nikipanda, nimekubali. Nimejipima, nimeukagua mkanda. Bibi huyu hapa ana miaka sabini, anashika kamba kwa sababu mimi nimemwambia ashike. Huyo wa tatu hata simjui jina, alikuwa anapita. Nikiwa juu nawaona wote watatu kwa chini. Tangu Zuberi, naangalia watu kuliko ninavyoangalia tawi. Hivyo ndivyo nitakavyoanguka, Tabitha. Sitaanguka kwa kukosa bima, nitaanguka kwa kuangalia chini."

Cherehani ilipiga mishono michache, ikasimama tena.

"Hiyo ya kundi," Tabitha alisema mwishowe, "nafasi ya juu ya mti imo?"

"Imo."

"Ya ngapi?"

Sefania alimtazama Nasra. Nasra alichukua kalamu, akafuta namba moja mbele ya mwenye mti, akaandika nne. Mbele ya mpandaji akaandika moja. Haikubadilisha chochote katika malipo. "Ya kwanza, dada," alisema.

"Basi andikeni. Na mwakani tunaongeza ile ya mwili wako, hata kama nitashona sare za wilaya nzima. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na ushuke mapema."

"Na mabati je?" Ibrahimu aliuliza, safari hii bila mzaha mwingi.

Sefania alimjibu akiwa ameshasimama. "Ibrahimu, bati likikunjwa nitalinyoosha, likitoboka nitaezeka jingine. Nyonga haiezekwi."

Ibrahimu alifikiri. "Haya," alisema. "Kamba ya pili iko wapi?"

Nasra alitupiga picha tukiwa tumesimama kila mtu mahali pake, akazituma Tanga. Majibu yalichukua muda wa magimbi mengine. Yule mkubwa aliuliza swali moja tu: huyo wa tatu ni nani? Nasra akamjibu: mpita njia. Baada ya hapo ukaja ujumbe wa namba ya malipo, Sefania akalipa kwa simu, kidole kikiwa kizito kwenye vitufe, na hati ya muda ikaingia kwa mlio mdogo wa kengele. Pamoja nayo zabuni ya barabara ya chai ikawa imekwenda kwa mtu mwingine. Sefania hakuizungumzia tena.

Daftari lilipita mkono kwa mkono. Mwanaheri aliandika jina lake polepole, kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni.

"Bibi, Tanga watasomaje hapa?" Nasra aliuliza.

"Tanga? Mtu wa Tanga asiyejua kusoma herufi hizi ni mtu wa wapi?"

Nasra alikiri kwamba hata mkubwa wake amepita chuoni, akaupiga picha ukurasa huo kama ulivyo. Jina langu lilikuwa la mwisho. Mbele yake Sefania aliandika kwa mkono wake: asiye na upande.

Alivua saa, akaitia ndani ya kiatu chake cha kawaida, akavaa vile vya miiba. Alipanda bila pupa, akisema na mti kwa Kishambaa, na kila alipofika kwenye tawi alitufungia kamba na kutuonyesha kwa mkono nani avute. Ni kazi ya kimya kuliko nilivyodhani; msumeno hulia kidogo tu, kisha watu husikilizana. Nilikuwa nimezoea kuona watu wakifanya kazi na mimi nikiandika. Hapa kamba iliyachoma maganja yangu, na nilijikuta nafanya kama wenzangu: namtazama yeye juu. Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimwone, hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa akitazama tawi.

Matawi yalipokwisha alishuka kukata shina, nalo likaanguka saa kumi, ubavu kwa ubavu na ukuta wa tuta, ndani ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Ardhi ilitikisika hadi kwenye meno. Tawi moja la mwisho liliruka, likagonga pembe ya jiko la Ibrahimu, na bati la pembeni likakunjika juu kama ukurasa.

Sote tulilitazama bati lile. Ibrahimu alienda, akaligusa.

"Hili," alisema, "lilikuwa limekunjika tangu zamani."

"Mwongo mkubwa," alisema Mwanaheri.

"Nimesema zamani, bibi. Sikusema zamani gani."

Sefania alivua viatu vya miiba, akavaa saa yake, akachukua nyundo na jiwe, akalinyoosha bati mpaka likalala. Nasra alikuwa ameshaondoka, kawahi mteja mwingine Bumbuli. Kwa upande wa Magamba ngurumo ilisikika mara ya kwanza siku hiyo.

Dereva wangu aliamka kivulini, akayaangalia mawingu, akatuangalia sisi wawili na ule msumeno. "Namchukua mmoja," alisema. "Mmoja na huo mzigo."

Nilikuwa nimemlipa mimi. Lakini Sefania alitaka kufika Vuga kabla mvua haijafunga njia. Kesho ni siku ya matuta ya Zuberi, na alikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

"Atasema nini?" nilimuuliza.

"Zuberi? Atauliza kwa nini yeye ndiye aliyetangulia kuvunjika." Alitabasamu, akaanza kukunja kamba, ya kwanza, kisha ya pili. Ya tatu nilikuwa bado nimeishika. Alinyoosha mkono, akaichukua kutoka kwangu taratibu, akaiviringisha kwenye kiwiko chake.

"Kamba imekunjwa," alisema. "Kuanzia sasa tembea polepole, ndugu. Bima yako imekwisha."

Alipanda nyuma ya dereva, msumeno mapajani, kamba tatu begani. Pale kwenye kona alishuka, akafungua ile ya barabarani, akalirusha sweta jekundu kwa Mwanaheri, akapanda tena. Pikipiki ilishuka, sauti yake ikapotea na kurudi kila kona ya mlima, mpaka ikapotea kabisa.

"Mgeni," aliita Mwanaheri. Alikuwa ameshabeba fungu la kwanza la matawi, na akanionyesha la pili kwa kidevu. "Mvua haisubiri."